Moqueca Jikoni Timau: Mchuzi wa Samaki wa Kibrazili Mlimani

Moqueca, inayotamkwa "mokeka", ni mchuzi wa samaki wa pwani ya Brazili unaopikwa bila kuongezwa maji na bila kukorogwa. Samaki hulazwa juu ya vitunguu, nyanya na pilipili hoho, chungu hufunikwa, na maji yanayotoka kwenye mboga na kwenye samaki mwenyewe ndiyo yanayogeuka mchuzi. Mengine, hata aina ya samaki, hubadilika kulingana na mahali na msimu. Lakini mpishi akiongeza maji au akiingiza mwiko, atakachopakua ni mchuzi wa samaki kama mwingine wowote. Kwa kuwa kinachohitajika ni njia hiyo, si samaki fulani, chakula hiki cha baharini kinaweza kupikwa vizuri Timau, mji ulio kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kaunti ya Meru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka Mombasa.

Kuna moqueca mbili. Ile ya jimbo la Bahia hutiwa tui la nazi na mafuta mekundu ya mawese, ambayo Wabrazili huyaita dendê. Ile ya Espírito Santo, jimbo linalopakana na Bahia upande wa kusini, haina tui wala mawese. Hutiwa mafuta ya zeituni na mafuta yaliyotiwa rangi kwa mbegu za mzingefuri, na pilipili hoho huachwa. Wenyeji wa kila jimbo hushikilia kwamba yao ndiyo moqueca ya kweli, na ubishi huo haujaisha. Maelezo haya yanafuata zaidi ile ya Bahia, kwa kuwa tui lake linaukinga mchuzi usikauke na hivyo kumsamehe mpishi anayejifunza. Ya Espírito Santo haina ngao hiyo, na samaki asiye mbichi kabisa hujulikana mara tu kifuniko kinapoinuliwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna kiungo kigeni hapa. Neno dendê lilitoka Angola, katika Kimbundu, ambayo ni lugha ya Kibantu, na wataalamu wengi wa lugha hutafuta asili ya neno moqueca huko huko. Walilifikisha Brazili watu waliovushwa Atlantiki wakiwa watumwa, na ndio waliopika katika majiko ya Bahia kwa karne tatu. Nazi nayo ilitoka upande wa pili. Minazi ya Brazili ni kizazi cha minazi ya Bahari ya Hindi, iliyochukuliwa na Wareno katika karne ya 16 na kupitishwa visiwa vya Cape Verde. Muhogo ulisafiri kinyume chake, ukatoka Brazili kuja Afrika. Pwani hizi mbili ziliunganishwa mapema na Wareno hao hao: msafara wa Pedro Álvares Cabral, uliofika pwani ya Brazili Aprili 1500, ndio uliotia nanga Malindi mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo, miezi mitatu na siku chache baadaye.

Tofauti kati ya moqueca na mchuzi wa nazi wa Mombasa au Lamu iko katika mpango wa kazi. Pwani, samaki mara nyingi hukaangwa au kuchomwa kwanza. Vitunguu na nyanya hukaangwa hadi viwe rojo, hutiwa manjano, bizari, ukwaju au embe bichi, kisha tui, na samaki huingia mwishoni. Katika moqueca samaki hakaangwi, na bizari haimo. Harufu yake inatokana na dania mbichi, ndimu na mafuta yenyewe. Aliyezoea mapishi ya pwani huona mkono unamwasha kutia manjano. Heri auzuie, maana manjano huifunika ladha ya mawese na rangi yake pia.

Samaki wa karibu kabisa na Timau ni trauti. Si samaki wa asili wa Kenya. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Ewart Grogan, samaki wakaachiliwa katika mito ya Aberdare, na baadaye mito ya Mlima Kenya ikapata wake. Trauti hutaka maji baridi yanayokwenda kasi, na vijito vinavyoshuka mlimani kupita Timau vinampa hayo, ndiyo maana anafugwa hapo hapo katika mabwawa yanayolishwa na maji ya mto. Ngege, ambaye wengi humwita tilapia, hudumaa katika baridi hiyo. Wale wanaouzwa Timau hutoka sehemu za chini zenye joto au ziwani. Kwa wazee wengi wa mlimani samaki hakuwa chakula cha nyumbani. Ufugaji ulienea zaidi baada ya 2009, serikali ilipoanza mpango wa kufufua uchumi uliochimba maelfu ya mabwawa nchini, Meru ikiwemo, na kiwanda kidogo cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini.

Trauti aliyevuliwa asubuhi ni bora kwa moqueca kuliko samaki wa bahari aliyegandishwa, akayeyuka safarini na kugandishwa tena. Hili wapishi wengi hulikataa, kwa imani kwamba chakula cha bahari lazima kiwe na samaki wa bahari. Ladha ya chumvi ya bahari inaweza kupatikana kwa kamba wachache. Nyama iliyovunjika kwa barafu haina dawa. Samaki mbichi ana macho yaliyojaa na yanayong'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa kwa kidole. Harufu kali inayopanda puani kama mkojo ni ishara ya kumwacha sokoni. Wa bahari anapopatikana katika hali nzuri, changu, kolekole na nguru wanafaa, kwa kuwa nyama yao hushikamana. Mbuta wa Ziwa Viktoria pia anafaa, na kwa anayeanza ndiye rahisi kuliko wote, kwani vipande vyake vinene havikatiki ovyo.

Trauti ana nyama laini yenye mafuta, na akikatwa minofu humeguka ndani ya chungu. Anafaa kukatwa mapande ya kuvuka mgongo, unene wa vidole viwili, mfupa na ngozi vikiwa mahali pake. Wadogo wa robo kilo hupikwa wazima, matumbo na matamvua yakiwa yametolewa. Ute ulio juu ya ngozi huondolewa kwa kusugua chumvi na kusuuza haraka. Vichwa vya wakubwa havitupwi, vina kazi baadaye.

Kamba huja Timau wakiwa wamegandishwa. Eneo linalojulikana zaidi kwa kamba nchini ni Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ambako Mto Tana humwaga baharini maji na udongo wenye rutuba. Sehemu ya maji hayo inatoka Mlima Kenya, ila si upande wa Timau. Mto Timau huungana na Ewaso Ng'iro, unaoelekea kaskazini na kupotelea katika kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari. Kamba waliogandishwa huwekwa katika bakuli lililofunikwa ndani ya friji usiku kucha, wayeyuke polepole bila kuharibika.  Kuwamwagia maji moto huwafanya wawe kama mpira.

Kwa watu sita inatosha kilo moja na nusu ya samaki na nusu kilo ya kamba, nazi mbili zilizokomaa, vitunguu vitatu vikubwa, nyanya sita zilizoiva, pilipili hoho tatu (nyekundu, njano na kijani, rangi zikipatikana), kitunguu saumu punje tano, ndimu tatu, mafungu mawili ya dania, pilipili kali moja au mbili, chumvi, na vijiko vinne vya mawese. Mboga zote hizi ziko soko la Timau, na vitunguu vya eneo hilo ni vizuri hasa. Nyanya ziwe za kuiva kabisa, laini kidogo mkononi. Zile ngumu zinazopendwa kwa kachumbari hazitoi maji ya kutosha, na ndipo mpishi anaposhawishika kutia maji ya bomba.

Nazi ndiyo isiyo na mbadala. Maziwa ya ng'ombe, ambayo Timau ni mengi, hukatwa na ndimu na hayana utamu ule. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu ili kupata tui zito, kisha machicha hukamuliwa tena kwa vikombe viwili kupata tui jepesi. Mahali pa baridi mafuta ya nazi huganda haraka, kwa hiyo maji ya kukamulia yawe na joto la kutosha mkono kuvumilia, la sivyo nusu ya utamu hubaki kwenye machicha. Tui jipya likikaa saa moja kwenye meza ya Timau hufanya utando mgumu juu. Halijaharibika, likipata moto litayeyuka. Tui la pakiti hutumika pia, ila lile lenye maji mengi lihesabiwe kuwa tui jepesi.

Mafuta ya mawese yaliyo mekundu hayapatikani kila duka la Kenya. Mafuta mengi ya kupikia nchini yanatokana na michikichi pia, lakini yamesafishwa hadi rangi na harufu vikatoweka, hivyo hayafanyi kazi hii. Mawese yenyewe hutoka Kigoma, Kongo na Uganda, na Nairobi huuzwa katika maduka yanayohudumia Wakongo na watu wa Afrika Magharibi. Chupa moja hukaa muda mrefu. Asiyeyapata anaweza kushika njia ya Espírito Santo: mzingefuri unalimwa kaunti ya Kwale, ambako wakulima huuita biksa, na mbegu zake husafirishwa nje kwa ajili ya rangi ya vyakula. Vijiko viwili vya mbegu huwekwa katika nusu kikombe cha mafuta ya kawaida juu ya moto mdogo kwa dakika tano hivi, mpaka mafuta yawe mekundu kama matofali, kisha huchujwa. Mbegu zikianza kuwa nyeusi mafuta huwa machungu na hayarekebishiki. Rangi inafanana na ya mawese. Harufu ni hafifu zaidi.

Chombo cha asili ni chungu cha udongo. Huko Goiabeiras, mtaa wa mji wa Vitória katika Espírito Santo, wanawake hufinyanga vyungu kwa mkono, huvichoma juu ya moto wa kuni ulio wazi, na vikiwa bado vina moto huvipiga kwa fagio lililochovywa katika maji ya magome ya mikoko. Magome hayo hukipa chungu weusi wake na kuziba vitundu vya udongo. Mwaka 2002 ufundi huo ulikuwa wa kwanza kuandikishwa na serikali ya Brazili kuwa urithi wa taifa usioshikika. Jamii ya mikoko inayotumika ni ndugu ya mkoko wa Lamu, ambao magome yake pia yana historia ya kutumiwa kutengeneza rangi.

Chungu cha kawaida cha sokoni kinafaa sana. Kikiwa kipya hulowekwa majini siku nzima, hupakwa mafuta ndani na kupashwa moto polepole kabla ya kupikiwa. Juu ya jiko la makaa hakina shida. Juu ya gesi huweza kupasuka, hivyo kipande cha bati nene huwekwa katikati, na moto huanza mdogo. Asiye na chungu atumie sufuria nzito yenye kifuniko kinachokaza. Ile nyembamba ya alumini huunguza vitunguu vya chini, na asidi ya ndimu na nyanya huupa mchuzi ladha ya bati.

Kazi huanza kwa samaki. Hupakwa chumvi, kitunguu saumu kilichotwangwa na maji ya ndimu mbili. Nguru au mbuta hukaa hivyo nusu saa. Trauti asizidi robo saa, kwa kuwa ndimu huibadilisha nyama yake ikawa nyeupe na kavu kana kwamba imeshapikwa. Kamba hupakwa peke yao chumvi na matone machache ya ndimu hizo.

Vitunguu, nyanya na hoho hukatwa mviringo, unene wa kidole kidogo. Vijiko viwili vya mawese hupashwa chunguni kwa moto wa wastani. Mawese yasiachwe yatoe moshi, kwani hupoteza wekundu wake na kubaki ya rangi ya majani makavu. Nusu ya vitunguu hutandazwa chini na kuachwa dakika tano vilegee. Juu yake hutandazwa nusu ya nyanya, nusu ya hoho na fungu moja la dania, vijiti vikiwemo, kwa kuwa vijiti ndivyo vyenye harufu nyingi. Hapa kuna badiliko moja linaloifaa Timau. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 92 au 93, wala si 100, na mboga ngumu hukawia kuiva. Kila anayepika githeri mlimani anajua jinsi maharagwe yanavyochukua muda. Kwa hiyo tabaka hili la kwanza hufunikwa na kuachwa peke yake dakika kumi zaidi kabla samaki hajaingia, mpaka nyanya zianze kutoa maji. Pwani hatua hiyo haihitajiki. Samaki mwenyewe hana tatizo la mwinuko, maana nyama yake huiva kwenye joto la chini sana kuliko hilo.

Samaki hulazwa juu ya mboga kwa tabaka moja, vipande visipandane. Mboga zilizobaki hutandazwa juu yake, pilipili kali huwekwa nzima bila kupasuliwa, na tui jepesi, kiasi cha kikombe kimoja, humwagwa pembeni ili lisisombe chumvi ya samaki. Chungu hufunikwa. Moto uwe wa kuchemsha polepole, mapovu madogo kwenye kingo tu. Dakika kumi za mwanzo huleta wasiwasi, kwa kuwa mchuzi huonekana mchache mno. Kufikia dakika ya kumi na mbili maji ya nyanya na ya samaki huwa yamepanda hadi nusu ya vipande. Mwiko usiingie. Chungu hushikwa kwa vitambaa pande mbili na kutikiswa taratibu mara mbili tatu, ili kisishike chini na vipande vibaki vizima.

Mbuta na nguru wa vipande vinene huhitaji dakika kumi na tano hadi ishirini. Trauti wa mapande hutosheka na nane hadi kumi, naye huwekwa baada ya tui jepesi kuanza kupata moto, si kabla. Nyama ikiachana na mfupa kwa kuguswa na ncha ya kisu, imeiva. Hapo kamba huingizwa juu, na tui zito humwagwa pamoja na vijiko viwili vya mawese vilivyobaki. Kuanzia hapa mchuzi usichemke kwa nguvu, kwani tui zito hukatika, mafuta yakajitenga juu na maji chini. Pwani tui huzuiwa kukatika kwa kukoroga bila kukoma. Katika moqueca njia hiyo imefungwa, hivyo kinga iliyobaki ni moto mdogo. Dakika nne au tano zinatosha, kamba wakigeuka rangi ya waridi na kujikunja kidogo. Wakijikunja kama pete wamepitiliza. Chungu huepuliwa, dania iliyobaki na maji ya ndimu ya tatu hunyunyizwa, na kifuniko hurudishwa kwa dakika tano. Ndimu ya mwisho isisahaulike, bila hiyo tui na mawese huulemea ulimi.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni mchuzi mwepesi mno, kwa sababu samaki waliogandishwa hawakukaushwa kwa kitambaa kabla ya kupakwa ndimu. Huponywa kwa kuwatoa samaki kwa uangalifu, kuuacha mchuzi upungue bila kifuniko, kisha kuwarudisha kabla ya tui zito. La pili ni tui lililokatika. Ladha yake haijapotea, ila sura imeharibika, na kijiko kimoja cha tui baridi kikizungushwa kwa kutikisa chungu huirudisha kiasi.

Wali mweupe ndio unaoandamana na moqueca. Si wali wa nazi, kwa kuwa nazi juu ya nazi huchosha. Pishori ya Mwea, inayolimwa upande wa pili wa mlima kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi, inafaa. Hapa Timau huongezewa robo kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele na dakika kadhaa za moto mdogo chini ya kifuniko. Kando yake Wabrazili huweka pirão, uji mzito wa muhogo unaopikwa kwa supu ya samaki. Vichwa vya trauti na maganda ya kamba huchemshwa dakika ishirini na kitunguu na dania, supu huchujwa, kisha unga wa muhogo hunyunyizwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Unga wa Brazili ni wa chengachenga na umekaangwa. Ule laini wa Kenya, uliosagwa kwa ajili ya ugali, ukiingia supuni mbichi hunata kama gundi. Ukikaangwa kwanza kwenye kikaango kikavu, ukigeuzwa mpaka upate harufu ya karanga, hufanya pirão nzuri. Uji uwe laini kuliko ugali, wa kumiminika polepole kutoka kwenye kijiko. Familia isiyopenda hivyo hula na ugali wa mahindi au viazi vya Timau vilivyochemshwa, na viazi hunywa mchuzi vizuri ajabu.

Chungu huletwa mezani kikiwa bado kinatokota, kwa kuwa udongo hutunza moto, jambo lenye thamani kubwa usiku wa Julai mlimani. Kinachobaki huondolewa mifupa, hupozwa na kuwekwa kwenye friji siku hiyo hiyo. Kesho yake mchuzi hupashwa peke yake kwa moto mdogo, na samaki hurudishwa dakika mbili za mwisho. Kamba wa jana hukaza wakipashwa, hivyo ni vyema wamalizwe usiku ule ule.